Maswali na majibu: Kwa nini hakuna mashine ya kupima dawa ya lehemu (kolesteroli)?

Shikamoo. Baba anatumia atovastatini. Mashine ya sukari tunayo nyumbani, mbona ya kupima dawa hii hakuna?

Marahaba. Sukari ni nyingi: mililita moja ya damu ya mtu mwenye afya ina kama nanogramu 900,000. Atovastatini huwa makumi machache tu, mara nyingi chini ya hapo. Tena kile kijiti cha sukari kina kimeng'enya kinachoijua sukari. Statini, yaani kundi la dawa za lehemu ilimo atovastatini, haina bahati hiyo.

Sensa, yaani vifaa vya kuitambua dawa, zinazotengenezwa maabara zinaitambuaje?

Nyingi hutumia umeme. Elektrodi ya kaboni, yaani ncha inayopitisha umeme, huongezewa volti polepole. Ikifika kiwango fulani, molekuli za dawa huachia elektroni na mkondo hupanda. Ukipanda sana, dawa ni nyingi. Shida ni kwamba asidi ya yuriki na vitamini C nazo huachia elektroni, na damuni zimejaa. Ndipo watafiti wanapoikumbatisha dawa kwa plastiki, kisha wanaiosha itoke, libaki tundu lenye umbo lake la kuinasa dawa hiyo. Wezi wa zamani walikandamiza ufunguo kwenye sabuni. Ni ujanja uleule. Lakini ukisoma ripoti hizo, angalia damu ilitoka wapi. Mara nyingi dawa imetiwa humo na mtafiti mwenyewe, haikumezwa na mgonjwa.

Mate au mkojo je? Sindano zinachosha.

Pole, ila chini ya asilimia 2 ya atovastatini ndiyo hutoka kwa mkojo. Nyingi hupitia nyongo. Mateni hupenya kidogo sana kwa kuwa zaidi ya asilimia 98 imeshikwa na protini za damu.

Sasa daktari anajuaje kwamba inafanya kazi?

Hupima LDL, ile lehemu mbaya ya damuni, wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza. Kiwango cha dawa chenyewe hakina shabaha iliyokubaliwa, kwa hiyo mimi sioni haja ya kila mgonjwa kuwa na sensa. Ingemfaa zaidi anayetumia simvastatini, statini nyingine, akaandikiwa na klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria: hiyo huzuia ini kuivunja statini, ikalundikana. Misuli ikiuma na mkojo ukawa mweusi kama kahawa, nenda hospitali leo.

LDL ya mama haishuki, naye anaapa anameza.

Hesabu vidonge kwenye pakiti kwanza. Kisha muulize kwa upole kama miguu inamuuma. Wengi huacha kimyakimya kwa sababu hiyo.