Kabla ya Kumpelekea Mchapishaji Gemu Yako

Barua pepe ya kwanza kwa mchapishaji, yaani kampuni inayofadhili gemu na kuiuza, iwe na mistari mitano au sita: gemu inachezwaje (sentensi moja), ni ya kompyuta, simu au konsoli, imefika wapi, mnaomba fedha kiasi gani, kisha viungo viwili, cha trela na cha toleo la kuchezwa. Historia ya ufalme mliobuni isubiri.

Trela isizidi dakika moja na nusu, na mchezo wenyewe uonekane tangu sekunde za mwanzo. Nembo ya studio ikae mwishoni.

Toleo la kuchezwa ndilo linalobeba ombi. Dakika 15 zilizosuguliwa zinafaa kuliko saa tatu zenye mapengo. Lijaribuni kwenye kompyuta ambayo haijawahi kutumika kuitengeneza gemu, maana faili iliyosahaulika kufungashwa haijulikani kwenye mashine yenu. Hujulikana kwa mgeni, gemu ikigoma kufunguka. Mpeni mtu asiyeijua acheze, mkae kimya nyuma yake, mwandike kila anapokwama. Epukeni viungo vinavyokufa baada ya siku saba, kwa kuwa ombi linaweza kufunguliwa mwezi ujao. Ukurasa wenye nywila kwenye itch.io (tovuti ya kuweka gemu), au ufunguo wa Steam (msimbo wa kufungulia gemu kwenye duka hilo la gemu la mtandaoni), unatosha.

Ukurasa wa Steam hulipiwa dola 100. Fungueni mapema ili muweze kuonyesha ni wangapi wameiweka gemu kwenye orodha yao ya kuisubiri. Ila msikimbilie Steam Next Fest, tamasha la Steam la kujaribisha gemu zijazo: kila gemu hushiriki mara moja tu, na mchapishaji angependa nafasi hiyo aikute bado ipo.

Kwa wasilisho la kumweleza mchapishaji mradi wenu, slaidi 10 hadi 12 zinatosha, na wengi huharibu kwenye ile ya bajeti. Watu watatu kwa dola 1,200 kila mmoja kwa miezi 14 ni dola 50,400. Ongezeni asilimia 15 ya dharura, dola 7,560, kabla hamjagusa muziki, tafsiri na majaribio. Kupunguza bajeti ili muonekane wa bei nafuu huwageukia ninyi wenyewe: anayesoma bajeti anajua mishahara hiyo itakatika njiani, watu watafute vibarua, na gemu ibaki nusu.

Kwenye mkataba, msiishie kutazama mgawo wa asilimia, yaani sehemu yenu ya mapato ya mauzo. Ulizeni mgawo unaanza lini. Gemu ya dola 15, Steam ikichukua asilimia 30, inabakiza dola 10.50. Mchapishaji aliyetoa dola 60,000, akiwa anajilipa kwanza zote, anahitaji kuuza nakala kama 5,715 kabla ninyi hamjaona senti, na hapo hatujahesabu kodi, marejesho wala punguzo la bei. Akiongeza dola 20,000 za matangazo kwenye deni hilo, zinafika karibu 7,620. Mkikuta maneno “gharama zote za matangazo”, daini kiwango cha juu kiandikwe kwa tarakimu, na haki za gemu zirudi kwenu asipoitoa kwa tarehe mliyokubaliana.