Wiki ya Mwisho Kabla ya Likizo

SWALI: Mimi ni naibu mwalimu mkuu, sekondari ya bweni hapa Lamu. Mtihani wa muhula ukisha tu, wanafunzi hufunga masanduku na walimu hujifungia kusahihisha. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, tatizo ni ratiba. Mtihani ukiisha Jumatatu na mkafunga Ijumaa, siku tatu zimepotea. Insha na hesabu, zinazokula muda kusahihishwa, zitangulie. Karatasi ya mwisho iwe Jumatano asubuhi. Alhamisi karatasi zirudi darasani, kila mwanafunzi afanye upya maswali matatu aliyokosa, daftarini, ndipo alama iingie kwenye ripoti. Hapo hata mvivu hushika kalamu.

Masanduku yakae stoo hadi Alhamisi jioni. Sanduku likishalala kitandani, moyo umeshafika nyumbani Faza, kisiwani Pate.

Walimu wapunguzie mikutano, uwape saa maalumu za kusahihisha.

Tena, usitangaze saa ya kufunga kabla ya kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa na kuzungumza na manahodha. Maji yakitoka, boti za Pate hukwama mkondoni, na watoto hushinda gatini juani. Wa mbali watoke na maji yanayojaa. Wa mjini wamalizie usafi wa madarasa.