Usiokote kwanza

Chini ya kitanda changu hapa Mbeya kuna boksi la mavi ya chuma, yaani taka ngumu zinazobaki chuma kikishayeyushwa. Niliyaokota Ufipa, mkoani Rukwa, nikiwa kijana, kwenye matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma ambayo wenyewe huyaita malungu, na moja ni ilungu. Nilijaza begi hadi mikanda ikanikata mabega, nikarudi nikijiona nimeokoa historia. Leo nikimpelekea mtaalamu lile boksi atanirudishia. Sikuandika kipande kipi kilitoka tanuru lipi, wala kama nilikikuta ndani au nje. Yamebaki mawe mazito tu, na mke wangu ananikumbusha kila akifagia.

Kwa hiyo ukikuta ilungu, mikono mfukoni. Tanuru lile lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto, ndiyo maana lilijengwa refu, kama mita 3, likawekewa matundu kuzunguka kitako. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kikahamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo hilo ndilo lilipulizwa kwa mivukuto. Kipande ukikiondoa mahali pake, umeshapoteza njia rahisi ya kujua ni cha hatua ipi. Na mkaa ulionasa ndani ya kipande ndio wa kupimwa umri. Ule uliotapakaa juu ya ardhi unaweza kuwa wa mchoma mkaa wa juzi.

Piga picha kabla hujagusa kitu, na uweke rula ya shule kando ili ukubwa uonekane. Washa lokesheni ya simu, halafu andika kwenye daftari pia, maana simu huibwa. Lakini kabla ya yote hayo pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, umwamkie, ujieleze. Mgeni anayezunguka porini akichungulia mashimo watu watasema anatafuta hela za Mjerumani, na usiku huohuo tanuru litachimbwa.

Usitegemee sana sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Vya baada ya hapo mpaka vitangazwe. Malungu mengine yaliwaka hadi karne ya 20. Mitambo ya dhahabu ya Chunya, ya miaka ya 1930, ndiyo kabisa haimo.

Huko Chunya ndiko nilikoumia. Niliona gurudumu kubwa la mtambo wa kusagia mawe, limezama nusu kwenye majani, lina herufi za kiwandani ukingoni. Nikasema nitarudi na kamera nzuri. Nilivyorudi nilikuta alama za gesi ya kukatia vyuma na matairi ya lori la skrepa. Mzee mmoja jirani akaniambia, "Mjukuu wangu, ungeuliza mwezi uliopita." Yeye alikumbuka mlio wa mtambo, alikumbuka na kengele ya zamu, nami nikamrekodi kwa simu hiyohiyo niliyoidharau siku ya kwanza.

Tahadhari moja, na hii siitanii: duara la zamani, yaani shimo la wachimbaji, usiingie, hewa chini inaweza kuwa imekufa. Vilima vya marudio vya enzi hizo, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, usipande na watoto, wala usionje vumbi lake kwa kusahau kunawa kabla ya kula. Dhahabu ilinaswa kwa zebaki, na zebaki haiozi. Viatu vyangu vya Chunya vinalala nje ya mlango.