Ndoo inamwaga kabla ya wakati

SWALI: Naunda mfano wa mashine ya mvuke ya kuchimbia. Mlango wa chini wa ndoo, wa kumwagia udongo, hufunguka njiani au hugoma kabisa. Kwa nini?
Fundi wa kuchomelea, Malindi

JIBU: Kagua kwanza kamba inayovuta komeo la mlango, wengi hukimbilia komeo lenyewe. Ndoo ikipanda, kamba fupi hujikaza na kuchomoa komeo yenyewe. Iache ilegee kidogo hadi mkono wa mashine, unaobeba ndoo, ufike juu kabisa.

Ikigoma, komeo limezama mno: mzigo wote hulibana, halivutiki. Anza na komeo lililoingia milimita 3, kisha lipige tupa kidogo kidogo. Usipake grisi, mchanga wa Malindi utaganda hapo. Bawaba iwe nyuma, upande wa mkono, ili ndoo ikishushwa mlango ujifunge kwa uzito wake.