Musika (mrithi wa kimila) anauza ploti za marehemu: sheria inasemaje?

Swali: Wakili, salamu. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Mukono. Ameacha karatasi ya ukurasa mmoja, mwandiko wake mwenyewe, yenye sahihi yake na za mashahidi wawili. Shamba, ambalo kyapa chake (hati ya ardhi) kina jina lake, ametugawia sawasawa watoto wote watano. Sote ni watu wazima wenye kazi zetu. Vyumba vya kupangisha amempa mama wa kambo, na hakutaja msimamizi. Tatizo ni kwamba mama huyo ni mmoja wa mashahidi. Kaka yetu mkubwa, aliyevishwa kanzu na kukabidhiwa mkuki siku ya olumbe (hafla ya kuhitimisha matanga), anasema kwa hiyo karatasi ni batili, yeye ndiye musika na mali yote ni yake. Ameshauza ploti mbili. Ni kweli?

Jibu: Dada, poleni kwa msiba. Kaka yako ameshika ukweli kidogo, kisha akauvuta mpaka ukakatika.

Sheria ya Mirathi ya Uganda inataka wosia uwe na mashahidi wasiopungua wawili. Shahidi akiwa pia amepewa kitu humo ndani, wosia hauanguki. Kinachoanguka ni zawadi yake tu, au ya mume au mke wake. Kwa hiyo shamba linabaki kama baba alivyoandika, fungu moja kwa kila mtoto, kaka akiwamo. Mama ndiye anayepoteza zawadi ya vyumba.

Hata hivyo, hapotezi kila kitu. Kama karatasi haisemi mali isiyotajwa iende kwa nani, vyumba vile vitagawiwa kana kwamba baba hakuacha wosia. Tangu marekebisho ya 2022 mafungu ni haya: mke asilimia 20 (zamani ilikuwa 15), watoto 75, ndugu waliokuwa wakimtegemea marehemu 4 (zamani 9), na mrithi wa kimila 1. Tuseme vyumba vina thamani ya shilingi milioni 100. Mama anapata milioni 20, ninyi watano milioni 15 kila mmoja, wategemezi milioni 4, na musika milioni 1 juu ya fungu lake la mtoto. Ndiyo bei ya ule mkuki kisheria. Mama ajiandae kuthibitisha ndoa yake, hata kama ilikuwa ya kimila. Huko ndiko wengi hukwamia. Nyumba aliyokuwa akiishi na marehemu haiingii katika hesabu hii. Ana haki ya kuendelea kukaa humo.

Sasa hizo ploti. Umusika ni cheo cha ukoo: kusimama mahali pa baba kwenye vikao, kuoza mabinti, kuitunza mila. Haumpi mtu mamlaka ya kuuza hata futi moja ya ardhi. Mamlaka hayo hutoka mahakamani, kwa barua za usimamizi, na hapa zitatolewa zikiwa zimeambatishwa na wosia. Anayeuza bila barua anaingilia mali ya marehemu, na siku hizi hilo ni kosa la jinai. Waliomlipa wameshika karatasi tu. Nimeletewa mikataba ya namna hiyo mara nyingi: kipande cha daftari, alama ya dole gumba, muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, umegongwa mpaka juu ya majina. Muhuri ule unathibitisha kwamba watu walikutana. Hauhamishi kyapa.

Usisubiri barua ndipo uchukue hatua. Mahakama ya Juu, katika rufaa namba 52 ya 1995, ilikubali kwamba mnufaika anaweza kwenda mahakamani kulinda mali ya marehemu kabla ya kupata barua za usimamizi. Wiki hii hii nenda ofisi ya ardhi ya Mukono na namba za bloku na ploti, uombe upekuzi wa daftari la ardhi, kisha uweke kaveti (zuio la kuhamisha ardhi) kama mnufaika. Ukishaweka, waandikie wale wanunuzi wawili kwa jina, ubaki na nakala iliyosainiwa kwamba wamepokea. Atakayeanza kujenga baada ya hapo hatasema hakujua.

Halafu ndipo mfungue faili kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, mkiwa na cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili) na barua ya LC1. Ataita kikao cha familia. Kama hana pingamizi, anatoa cheti, nacho ndicho mnachopeleka mahakamani. Chagueni wasimamizi wawili au watatu, na ushauri wangu ni mama awe mmoja wao. Kama mnahofia kaka atakwenda kimyakimya kuomba barua peke yake, wekeni kaveti nyingine mahakamani, ombi lake lisipite bila ninyi kuitwa. Watakaopewa barua wana miezi sita ya kuwasilisha orodha ya mali, na mwaka mmoja wa kutoa hesabu.

Ile karatasi halisi iko kwa nani? Kama iko kwa kaka, niandikie tena kabla hujaenda popote. Kama iko kwako, itoe nakala, na usiitoboe kwa pini wala kuipitisha kwenye laminesheni.