Kodi ya kampuni Ayalandi: si kiwango peke yake

Ndugu, umesema Ayalandi inathibitisha kwamba ukipunguza kiwango cha kodi ya kampuni, mapato yanaongezeka. Mimi sikubali. Kiwango cha 12.5% kipo tangu 2003, lakini mwaka 2014 serikali ilikusanya yuro bilioni 4.6 tu. Mwaka 2015 mapato yakaruka hadi karibu bilioni 7, na 2023 yakafika 23.8, kiwango kikiwa kilekile. Kilichobadilika ni mahali faida inapoandikwa vitabuni. Kampuni kubwa za teknolojia na dawa, nyingi za Marekani, zilihamishia huko hakimiliki na hataza (haki za uvumbuzi) zao, na faida ya mauzo ya nchi nyingine ikazifuata.

Halafu tazama walipaji wenyewe, maana hapa ndipo penye hatari kweli: kampuni kumi tu hutoa zaidi ya nusu ya kodi hiyo yote. Chache zikiondoka, au Marekani ikibadili sheria zake, bajeti nzima inatikisika. Serikali ya Ayalandi yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana 2024 ilianzisha mfuko wa akiba wa muda mrefu. Mwaka huohuo makundi ya kampuni yenye mauzo ya yuro milioni 750 au zaidi kwa mwaka yalianza kutozwa 15%.