Duara kwanza: jinsi ya kupata mhimili mfupi wa moyo kwenye ultrasaundi

Katika picha zote za eko (ultrasaundi ya moyo), mhimili mfupi, yaani moyo ukikatwa kwa upana, unaopigwa kando ya mfupa wa kidari ndio ninaoupenda kuliko zote, na ndio ninaoona ukifanywa haraka haraka kuliko zote. Mtu akishapata mhimili mrefu (moyo ukikatwa kwa urefu) anazungusha probu (kifaa cha mkononi kinachowekwa kifuani), anaona kitu cha mviringo kinadunda, anahifadhi picha na kusonga mbele. Ushauri wangu mkuu ni huu: usitoe hukumu yoyote juu ya ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) mpaka uione ikiwa duara kamili.

Kabla ya probu kuna mgonjwa. Mlaze ubavu wa kushoto, mkono wake wa kushoto aupeleke chini ya kichwa. Mkao huo unausogeza moyo karibu na ukuta wa kifua na kuliondoa pafu njiani, na mkono ukiinuliwa nafasi kati ya mbavu zinapanuka. Mara nyingi mtu anahangaika na vitufe vya mashine wakati shida ni kwamba mgonjwa amelala nusu chali. Mgeuze zaidi, umwekee mto mgongoni asichoke. Halafu mwache apumue taratibu huku ukitazama skrini. Wengi picha hufunguka pumzi ikishatoka yote, wengine pumzi ikiwa nusu. Ukiona imefunguka, mwambie "shikilia hapo hapo", chukua picha yako, kisha umkumbushe kupumua, maana mgonjwa mwoga atabana pumzi mpaka uso ubadilike rangi.

Tazama pia alama ya upande kwenye skrini. Kwa utaratibu wa wapimaji wa moyo, alama hiyo iko kulia kwa skrini, na katika mhimili mfupi alama ya probu inaelekea bega la kushoto la mgonjwa. Mashine iliyopangwa kwa matumizi ya dharura huwa na alama kushoto kwa skrini, na hapo probu inageuzwa upande wa pili, alama ikielekea nyonga ya kulia. Ukichanganya taratibu hizi mbili, ventrikali ya kulia itakutokea upande usio wake, na ukuta wa mbele utausoma kwa jina la mwingine.

Mhimili mfupi mzuri huzaliwa na mhimili mrefu mzuri. Tafuta mhimili mrefu kwenye nafasi ya tatu au ya nne kati ya mbavu, kushoto kwa kidari, alama ikielekea bega la kulia. Usiridhike mpaka ventrikali ilale karibu mlalo kwenye skrini. Kisha lete katikati ya skrini kile unachotaka kukikata. Ukitaka vali ya aota (mlango wa damu kutoka ventrikali ya kushoto), vali ya aota iwe katikati. Ukitaka vali ya maitrali (mlango wa damu kuingia ventrikali ya kushoto), iwe hiyo. Sasa zungusha probu kwa mwelekeo wa mishale ya saa, takriban nyuzi 90. Kilichokuwa katikati kinabaki katikati, ilimradi probu izunguke mahali pake bila kuteleza. Hapo ndipo mkono wa pili unapohitajika: shika shina la probu kwa vidole karibu kabisa na ngozi, kidole kidogo kikiwa kimegusa kifua cha mgonjwa, na mkono mwingine uzungushe kutoka juu. Macho yasitoke kwenye skrini. Ukitazama mkono wako, probu itateleza milimita chache bila wewe kujua, na kwenye moyo milimita chache ni safari ndefu.

Kanuni ninayoishikilia kuliko nyingine ni mwendo mmoja kwa wakati mmoja. Kuzungusha ni mwendo mmoja, kuinamisha ni mwendo mwingine, kuhama ubavu ni wa tatu. Anayefanya yote matatu kwa pamoja akipata picha hajui ameipataje, na akiipoteza hajui arudi wapi.

Sasa hilo duara. Ukikata bomba kwa mshazari, tundu lake litaonekana refu kama yai ingawa bomba lenyewe ni la mviringo. Ventrikali ya kushoto ni hivyo hivyo. Ikionekana kama yai, jiulize kwanza kama ulizungusha vya kutosha, kwa hiyo ongeza au punguza mzunguko kidogo kidogo ukitazama umbo linavyobadilika. Isipokaa sawa, huenda uko chini mno: panda nafasi moja ya mbavu na usogee karibu na kidari, kisha uanze tena. Kuna kipimo kizuri cha kujihakikishia. Kwenye usawa wa misuli ya papila (inayoshikilia majani ya vali ya maitrali), misuli yote miwili inatakiwa ionekane kwa pamoja, mmoja upande wa saa nne na mwingine upande wa saa nane (hapa na mbele nafuata namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, 4 na 8), bila jani la vali kuchungulia. Ukiona msuli upande mmoja na jani la maitrali upande wa pili, mkato wako umepinda, hata kama umbo linaonekana la duara.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mkato uliopinda huzua ugonjwa usiokuwepo. Kiwambo kati ya ventrikali mbili kikibonyea, ventrikali ya kushoto huchukua umbo la herufi D, nasi tunasema ventrikali ya kulia imeelemewa. Kubonyea zaidi wakati moyo unabana kunaashiria shinikizo kubwa upande wa kulia. Kubonyea zaidi wakati moyo unajaa kunaashiria wingi wa damu. Ni ishara yenye uzito mkubwa. Mtu anaweza kuanzishiwa uchunguzi wa damu iliyoganda kwenye mapafu kwa sababu yake. Lakini mkato wa mshazari nao hutoa D. Kwa hiyo nikiiona D, kwanza naizungusha probu kidogo huku na huku. D ya kweli haiondoki.

Ukishapata duara, kushuka na kupanda ni kazi ya kuinamisha tu. Mwali wa probu (mawimbi ya sauti yanayotoka kwake) ukielekea bega la kulia unapanda kwenye shina la moyo, upande wa vali. Ukielekea nyonga ya kushoto unashuka kwenye ncha. Kwa ncha yenyewe, kuinamisha peke yake mara nyingi hakutoshi: shuka nafasi moja ya mbavu na usogee nje kidogo, la sivyo utakuwa umerudi kwenye mshazari ule ule.

Usawa wa misuli ya papila ndio unaotumika zaidi, maana hapo kuta zinazolishwa na ateri zote tatu za moyo zinaonekana kwa mara moja. Tazama ukuta unavyonenepa moyo unapobana, usitazame tu unavyosogea, kwa sababu ukuta uliokufa unaweza kuvutwa na majirani zake ukaonekana unafanya kazi. Mimi huziba nusu ya skrini kwa kiganja nikatazama nusu moja, kisha nyingine. Jicho likitazama duara lote kwa pamoja huliona kwa wastani tu, na ukuta mmoja mvivu hujificha ndani ya wastani huo.

Usawa wa maitrali unadai subira zaidi, hasa kwa mgonjwa ambaye vali imebana baada ya homa ya rumatiki. Vali hiyo ina umbo la faneli, na tundu dogo kuliko yote liko kwenye ncha za majani. Ukipima juu ya hapo utaandika tundu kubwa kuliko lilivyo, na mgonjwa mwenye hali mbaya ataambiwa hali yake ni ya wastani. Kwa hiyo njoo kutoka chini. Anzia kwenye misuli ya papila, inamisha pole pole kuelekea juu, na simama pale tundu linapojitokeza kwa mara ya kwanza. Kuza picha, punguza mng'ao mpaka kingo zisiwe na ukungu, rudisha picha nyuma hadi vali iwe imefunguka kikamilifu, ndipo ufuate ukingo wa ndani wa tundu. Eneo la kawaida ni kati ya sentimita za mraba 4 na 6, likiwa 1.5 au chini ya hapo, mbano ni mkali. Usiondoke kabla ya kuzitazama pembe mbili ambako majani yanakutana. Andika kama zimeshikana, zote au moja, na kama zina chokaa, kwa sababu anayefikiria kuipanua vali kwa puto atalitafuta jambo hilo kwanza.

Kwenye usawa wa aota, vali iliyofungwa yenye majani matatu huonyesha mistari kama herufi Y. Usiihukumu ikiwa imefungwa. Vali ya majani mawili yenye mshono inaweza kuonyesha mistari ile ile mitatu. Ikifunguka ndipo inapojitambulisha, tundu likiwa jembamba kama yai badala ya pembetatu. Washa dopla ya rangi (inayoonyesha mtiririko wa damu kwa rangi) ukiwa bado hapo, hasa kwa mtoto mwenye mlio wa moyo. Tundu kwenye kiwambo karibu na vali ya trikaspidi (mlango wa damu kuingia ventrikali ya kulia) hutupa rangi upande wa saa kumi, na lile lililo chini ya vali ya ateri ya mapafu huitupa upande wa saa moja au mbili. Ukiinua mwali kidogo zaidi utaiona ateri ya mapafu ikigawanyika. Weka dopla kabla tu ya vali yake na upime muda wa damu kufikia kasi ya juu. Chini ya milisekunde 105 kunatia shaka kwamba shinikizo la mapafu limepanda.

Wapo wagonjwa ambao dirisha hili halifunguki hata ufanyeje, hasa wenye mapafu yaliyojaa hewa na walio kwenye mashine ya kupumulia. Usiwabonyeze kifua kwa nguvu. Nenda chini ya kidari, pata picha ya vyumba vinne kutoka tumboni, kisha zungusha probu takriban nyuzi 90 kinyume cha mishale ya saa, na mhimili mfupi utakutokea hapo hapo, mara nyingine ukiwa safi kushangaza. Duara na misuli ya papila vikaguliwe kwa masharti yale yale. Kwenye ripoti andika wazi kwamba picha imepatikana chini ya kidari, na kama kuna ukuta ambao haukuonekana, utaje kwa jina.